Wenye Kanisa na Wenye Hati

Agosti 2004, Wakristo wa parishi ya St. James katika mji wa Newport Beach, California, walitangaza kwamba askofu wao sasa ni askofu wa Luweero. Ni Luweero hiyohiyo ya Uganda, nchi ya kahawa na matoke iliyoteketezwa na vita vya msituni vya miaka ya 1980. Newport Beach ni mji wa matajiri, wenye bandari iliyojaa boti za starehe. Parishi nyingine mbili za jirani, moja ya Long Beach na nyingine ya North Hollywood, zilichukua hatua hiyohiyo. Hakuna aliyefunga mizigo. Jumapili iliyofuata watu waliketi kwenye viti vyao vya siku zote na kuimba tenzi zao za siku zote. Lililobadilika ni jina la askofu anayeombewa katika ibada.

Dayosisi ya Los Angeles, waliyoiacha, iliwafungulia kesi. Haikuwauliza wanaamini nini. Iliwauliza jengo ni la nani.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaujua nusu ya kwanza ya mkasa huu. Mwaka 1998 maaskofu wa Kianglikana kutoka duniani kote, wakiwa Canterbury kwa mkutano wa Lambeth, walipitisha kwa kura 526 dhidi ya 70 azimio kwamba ndoa ni ya mume na mke na kwamba mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Miaka mitano baadaye, Novemba 2003, Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo kanisa la Waanglikana wa Marekani, lilimweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu wa New Hampshire, naye alikuwa akiishi waziwazi na mwenzi wake wa kiume. Kampala ilivunja ushirika nalo. Nairobi, Abuja na kwingineko kulitoka matamko makali. Haya yalitangazwa redioni, yakahubiriwa madhabahuni, na kila mmoja wetu akawa na la kusema.

Nusu ya pili haikutufikia sana, labda kwa sababu ilikuwa ya mawakili. Kwa zaidi ya miaka 15 watu waliobatizwa kwa kitabu kimoja cha sala waliburuzana mahakamani kwa ajili ya majengo, makaburi, akaunti za benki na vyombo vya Meza ya Bwana. Majina ya makanisa yetu yamo kwenye majalada hayo. Kwa sababu hiyo naona habari hii inatuhusu zaidi ya tulivyozoea kudhani.

Rwanda ilitangulia. Januari 2000, hata kabla ya Robinson, Askofu Mkuu Emmanuel Kolini alishiriki huko Singapore kuwaweka wakfu mapadri wawili wa Kimarekani ili wawe maaskofu wamisionari nchini kwao. Ilikuwa haijatimia hata miaka sita tangu mauaji ya kimbari, na kanisa la Rwanda lenyewe lilikuwa bado linazika na kuungama. Kenya ilifuata tarehe 30 Agosti 2007, Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi alipowaweka wakfu Wamarekani Bill Atwood na Bill Murdoch katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Siku tatu baadaye Uganda ilimweka wakfu John Guernsey huko Mbarara. Nigeria ilikuwa na tawi lake kubwa Virginia. Wamarekani waliokimbia maaskofu wao walihitaji mtu wa kuwapokea, nasi tuliwapokea. Hilo silioni kuwa kosa. Mkimbizi akibisha hodi hufunguliwa mlango kwanza, maswali yakafuata baadaye. Lakini wakimbizi hawa walikuja na nyumba, na nyumba hizo zilikuwa na mdai.

Ili kulielewa dai hilo tuurudie mwaka 1979. Julai mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Wapresbiteri wa Macon, Georgia, waliogawanyika na kugombea kanisa lao. Majaji watano dhidi ya wanne walisema mahakama za serikali zinaweza kutatua ugomvi wa mali ya kanisa kwa sheria zilezile zinazotumika kwa mali nyingine, bila kuingilia mafundisho ya dini: zitazame hati, katiba ya kanisa na sheria za jimbo. Kisha wakaongeza neno ambalo makanisa makubwa yalilishika kama chambo. Kanisa likitaka kujilinda, walisema, na liandike mapema katika sheria zake kwamba mali za parishi zimeshikwa kwa amana kwa niaba ya kanisa zima.

Miezi mitatu haikupita. Septemba 1979, Mkutano Mkuu wa Kanisa la Episkopali ulioketi Denver ulipitisha kanuni ambayo hadi leo inaitwa Kanuni ya Dennis, kwa jina la Askofu Walter Dennis wa New York. Kwa ufupi inasema kwamba kila mali ya parishi imeshikwa kwa amana kwa ajili ya dayosisi na kanisa zima, na parishi itaitumia kwa uhuru maadamu inabaki ndani ya kanisa hilo. Wakristo wengi vijijini na mijini hawakusikia kabisa kwamba kitu kama hicho kimepitishwa. Waliendelea kuchangia paa, kinanda na sakafu kwa fedha zao, na kwenye hati za ardhi majina yaliyosomeka ni ya wadhamini wao wenyewe. Robo karne ilipita kabla hawajaambiwa kwamba walichokuwa wakikijenga walikuwa wakikijenga kwa amana.

Je, kanuni hiyo ni dhuluma? Nimeliwaza swali hili sana, nami sikubaliani na wanaolijibu upesi. Waliojenga kanisa miaka 100 iliyopita hawakuwa wakimjengea yeyote atakayekuja kulishika kundi kwa wingi wa kura. Walijenga wakiwa ndani ya dayosisi, chini ya askofu, wakapokea mapadri waliofundishwa na kulindwa na kanisa zima. Sadaka zao zilikuwa na mwelekeo, na mwelekeo huo unastahili mlinzi. Kwa upande mwingine, aliyetoa fedha mwaka 1985 ili paa lisivuje hakuulizwa na mtu kama anakubali jengo liwe dhamana ya utii wake. Pande zote mbili zilikuwa na wafu wao wa kuwatetea, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Virginia ndiyo iliyoonyesha ugumu huo kuliko kwingine kote. Kanisa liitwalo The Falls Church, lililoupa jina mji unaolizunguka, linaabudu katika jengo la matofali la mwaka 1769, na George Washington aliwahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya parishi yake. Desemba 2006 waumini wake walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakachagua kutoka na kujiunga na tawi la Kanisa la Nigeria. Truro, parishi nyingine kubwa mjini Fairfax, iliamua vivyo hivyo kwa kishindo kilekile. Huko Falls Church, waliotaka kubaki Waepiskopali walikuwa wachache sana. Walihamia ukumbi wa Wapresbiteri walio jirani na kusali humo kwa miaka mitano, wakilitazama kanisa lao likiwa ng'ambo ya barabara.

Waliotoka walikuwa na silaha ambayo majimbo mengi hayana: sheria ya Virginia ya mwaka 1867, iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, makanisa yalipokuwa yamepasuka kwa sababu ya utumwa. Sheria hiyo ilisema kanisa likigawanyika, wengi wa waumini wa parishi wataamua wafuate tawi lipi na mali itakwenda nao. Mwaka 2008 jaji aliwapa ushindi. Juni 2010 Mahakama ya Juu ya Virginia ikautengua, na sababu yake inapaswa kutufikirisha sisi huku. Sheria, mahakama ilisema, inazungumzia tawi lililochipuka kutokana na kanisa lililogawanyika. Tawi walilojiunga nalo halikuchipuka kutoka Kanisa la Episkopali; lilikuwa la Nigeria. Mlango wa Afrika uliowapa hifadhi ya kiroho ndio uliowafungia mlango wa sheria.

Jaji yuleyule akaisikiliza kesi upya kwa msingi wa hati na kanuni, na Januari 2012 akaamua kwamba mali ni ya dayosisi. Rufaa ilishindwa Aprili 2013, na Machi 2014 mahakama ya juu ya nchi ikakataa kuigusa. Maelfu ya watu wakatoka na kuanza kusali katika ukumbi wa sekondari ya Kikatoliki na kumbi nyingine za kuazima, hadi walipofungua kanisa jipya mwaka 2019. Wale wachache wakarudi kwenye viti vya 1769. Jaribu kuiwaza ile Jumapili ya kwanza: watu wanaoweza kujuana wote kwa majina, ndani ya majengo yaliyopanuliwa kwa ajili ya maelfu. Siwacheki. Walikuwa waaminifu, walivumilia, na wamejitahidi kulikuza upya kanisa lao. Ila ushindi ule uliwaachia bili za umeme, bima na ukarabati ambazo waliokuwa wakizilipa walikuwa wametoka nje.

Mahali pengine kanuni ileile ilizaa hukumu tofauti kabisa. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya California iliipa Dayosisi ya Los Angeles haki juu ya parishi zilizokwenda Luweero. Septemba mwaka huohuo, ile ya South Carolina ikaamua kinyume katika kesi ya All Saints ya Pawleys Island, parishi iliyokuwa imejiunga na misheni ya Rwanda. Mawakili walichimba mpaka hati ya amana ya mwaka 1745 iliyotaja wakazi wa eneo hilo, na hati nyingine ya mwaka 1903 ambayo kwayo dayosisi ilijivua dai lolote. Haiwezekani, mahakama ilisema, mtu kujitangazia amana juu ya mali ambayo si yake. Texas ilikwenda mbali zaidi: Mei 2020 majaji wote wa Mahakama yake ya Juu waliipa dayosisi ya Fort Worth iliyojitenga mali za zaidi ya dola milioni 100. South Carolina yenyewe, baada ya karibu dayosisi nzima kutoka mwaka 2012, ilitoa hukumu mwaka 2017 ambayo majaji watano waliiandikia maoni matano. Aprili 2022 ikazirudisha parishi 14 kwa Kanisa la Episkopali, na Agosti mwaka huohuo ikageuka na kuziachia sita kati yake. Fikiria padri anayetakiwa kuhubiri Pasaka katika kanisa ambalo hajui Krismasi litakuwa la nani.

Sauti ya kuzuia haya ilitoka kwetu. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana walikutana Dar es Salaam, wakiwa wageni wa Kanisa Anglikana Tanzania chini ya Askofu Mkuu Donald Mtetemela. Walivuka hadi Zanzibar kuabudu katika Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na katika siku hizo za mkutano baadhi yao walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na Katharine Jefferts Schori, Askofu Kiongozi wa Marekani. Magazeti yaliandika hayo. Kilichosahaulika ni aya moja ya tamko lao la mwisho. Waliziomba pande zote zisitishe kesi zote za mali. Waliotoka wasiondoe mali mikononi mwa Kanisa la Episkopali bila ridhaa yake, na Kanisa la Episkopali nalo lisiwanyime kutumia majengo hayo. Kesi za Virginia zilikuwa zimefunguliwa majuma machache tu kabla. Hakuna upande uliotii. Wamarekani walisema wana wajibu kisheria wa kulinda amana. Waliotoka walisema wameshitakiwa na lazima wajitetee. Na baadhi ya maaskofu wakuu waliotia saini walirudi makwao na kuandaa ibada za kuwaweka wakfu maaskofu wengine kwa ajili ya Marekani kabla mwaka haujaisha. Hapa siwezi kuwaficha viongozi wetu nyuma ya makosa ya wengine.

Jefferts Schori alishikilia msimamo kwamba majengo yanaweza kuuzwa, lakini si kwa kundi linalotaka kusimama mahali pa Kanisa la Episkopali. Matokeo yake yalionekana Binghamton, jimbo la New York. Parishi ya Good Shepherd ilitoka mwaka 2007, ikajitolea kulinunua jengo lake, ikashindwa mahakamani na kuondoka. Mwaka 2010 dayosisi ililiuza jengo hilo kwa kituo cha Kiislamu kwa dola 50,000, takribani theluthi ya kiasi ambacho Wakristo wenyewe walikuwa wameahidi. Sina neno juu ya Waislamu walionunua. Walilipata kwa haki na wakasali humo. Ninachokiona ni hasira iliyogeuzwa kuwa sera. Mtu anapokuwa radhi kupoteza theluthi mbili ya thamani ili ndugu yake asipate, neno amana limeshamponyoka.

Na Newport Beach je? Dayosisi ilishinda, waliokwenda Luweero wakatoka mwaka 2013, na kundi dogo la Waepiskopali likaanza upya ndani ya St. James. Lilikua. Kisha mwaka 2015 Askofu J. Jon Bruno, aliyeipigania kesi hiyo kwa miaka yote ile akisema analilinda kanisa kwa ajili ya waumini, akatangaza kuliuza kwa mjenzi wa nyumba za kifahari kwa dola milioni 15. Waumini waliopinga walikuta kufuli zimebadilishwa. Wakawa wanasali bustanini na katika kumbi za umma. Ardhi ile ilikuwa imetolewa na kampuni moja mwaka 1945 kwa sharti kwamba itumike kwa kanisa tu, na kampuni hiyo ilipolikumbusha sharti lake, askofu aliishitaki. Uuzaji wa kwanza ulikwama. Alijaribu tena kimyakimya mwaka 2017. Jopo la nidhamu la kanisa likamsimamisha kwa miaka mitatu, na mwaka 2018, chini ya askofu mpya, waumini wakarudishiwa funguo.

Kwangu mimi kisa hiki kinasema mengi kuliko hukumu zote. Waliofungiwa nje mwaka 2015 hawakuwa waasi. Walikuwa watiifu walioamini kwamba kanuni ya 1979 inawalinda. Amana iliyoandikwa ili parishi isilikimbie kanisa haikuwa na kifungu cha kuilinda parishi dhidi ya askofu mwenye njaa ya fedha, na ilibidi wanyonge wenyewe wapeleke mashitaka.

Njaa hiyo ina chanzo. Katikati ya miaka ya 1960 Kanisa la Episkopali lilikuwa na waumini karibu milioni tatu na nusu. Mwaka 2003 walikuwa kama milioni 2.4, na mwaka 2023 milioni 1.55 hivi, ambao kwa Jumapili ya kawaida huhudhuria kama 400,000 tu. Tumezoea kusema huku kwamba limepungua kwa sababu ya Gene Robinson, na mahubiri mengi yamejengwa juu ya hesabu hiyo. Hesabu yenyewe haikubali. Kanisa Anglikana la Amerika Kaskazini, lililoundwa mwaka 2009 kuwakusanya waliotoka, na ambamo parishi nyingi zilizokuwa chini ya Kenya, Uganda na Rwanda zimeingia, lilikuwa na waumini kama 128,000 mwaka 2023. Kanisa la Episkopali lilikuwa limepoteza zaidi ya watu 800,000 katika miaka 20. Wengi wa hao wengine hawakwenda kwa maaskofu wetu wala kwa mwingine yeyote. Walizikwa, au walikaa nyumbani. Mwaka 1980 kanisa hilo lilibatiza watoto zaidi ya 50,000. Mwaka 2019 hawakufika 20,000. Ndoa zilishuka kutoka zaidi ya 38,000 hadi kama 6,000 katika kipindi hichohicho. Makanisa mengine ya kale ya Kiprotestanti nchini humo, yenye misimamo mbalimbali juu ya ndoa, yamekuwa yakipungua kwa miongo ileile.

Kwa hiyo majengo yaliyopiganiwa ni mali ya mwisho ya kanisa linalozeeka. Kila dayosisi inayokosa watoto wa kubatiza inabaki na ardhi ya mjini iliyopanda bei, na kishawishi cha kulipa mishahara ya leo kwa kuuza viti vya jana ni kikubwa. Kuna parishi za watu 30 wenye nywele nyeupe wanaolipia paa la watu 400. Hao hawakuwa na ugomvi na mtu. Wakristo wa namna hiyo wangefaidika sana kama fedha na miaka iliyomezwa na mahakama vingetumika kuwasaidia kuwalea vijana.

Na sisi tuna nini cha kuangalia nyumbani? Tanzania, mali za dayosisi ziko chini ya bodi za wadhamini zilizosajiliwa serikalini. Kenya nako kanisa lina wadhamini wake. Mkristo wa Mpwapwa au wa Taveta anayebeba mchanga siku ya ujenzi, anayeleta kuku kwenye harambee, mara nyingi hajaiona hati ya kiwanja wala hajui majina ya wadhamini. Ningependa kila parishi isomewe hati yake mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano mkuu, kwa sauti, kama zinavyosomwa hesabu: ardhi hii ni ya nani, imeandikwaje, na nani anaweza kuiuza bila kutuuliza. Wamarekani walianza kusoma hati zao siku walipoanza kugombana, na wakati huo kila neno lilikwisha kuwa silaha.

Wapo walioamua kuiweka silaha hiyo chini. Huko Pittsburgh, ambako dayosisi ilipasuka mwaka 2008 na mahakama ikaupa ushindi upande wa Episkopali, parishi tisa za waliotoka ziliendelea kuyatumia majengo zikisubiri mazungumzo. Februari 2018 Askofu Dorsey McConnell wa Episkopali na Askofu Jim Hobby wa upande wa pili walitangaza makubaliano. Parishi zile tisa zitabaki na majengo yao, na kila mwaka zitalipa sehemu ndogo ya mapato yao kwa dayosisi ya Episkopali. Truro ya Virginia nayo, baada ya kushindwa kesi, ilikodishiwa jengo lake na dayosisi iliyoishinda, na mwaka 2017 pande hizo mbili zikakubaliana kuanzisha pamoja taasisi ya mafunzo ya upatanisho. Hakuna aliyebadili mafundisho yake juu ya ndoa. Wanaendelea kukanushana kuhusu Maandiko, na hawana askofu mmoja. Makubaliano ya Pittsburgh yanakaribia sana yale ambayo maaskofu wakuu waliyaomba kutoka Dar es Salaam miaka 11 kabla, na yalipatikana mezani, bila jaji.